Sahani ya Pili Igawa

Saa kumi na moja alfajiri, Jumanne moja ya Mei 1956, Isakwisa Mwakalinga anamimina maji kwenye rejeta ya lori, katika uwanja wa kampuni mjini Mbeya. Kisha anafunga turubai peke yake. Kazi hiyo ilikuwa ya Saulo, utingo wake kwa miaka sita. Saulo aliachishwa Januari, kampuni iliponunuliwa na wamiliki wapya.

Kabla ya hapo malori mawili yalikuwa yakiondoka pamoja kwenda Iringa, la pili likiendeshwa na Tadeo Kihongosi. Aliyetangulia kufika Igawa, kituo cha njiani, aliagiza sahani mbili mgahawani kwa Mama Verediana, na hakugusa chakula mpaka mwenzake afike. Mwenzake akichelewa, alirudi kumtafuta. Mwenye kampuni wa kwanza alilijua hilo, na mara nyingine alikula nao.

Meneja mpya ametenganisha safari. Isakwisa anapotoka Mbeya, Tadeo anakuwa njiani kutoka Iringa tangu jana yake. Kusimama njiani bila ruhusa ni onyo; la tatu ni kufukuzwa.

"Alituambia lori likisimama, faida imesimama," anasema Isakwisa, ambaye tayari ana maonyo mawili. "Siku hizi naongea na gia. Haijibu, lakini haibishi."

Igawa anaruhusiwa kujaza mafuta na kula. Verediana anamtania: "Unakula kama mfungwa, baba. Macho mlangoni."

Njiani hajapishana na Tadeo, na Verediana naye hajamwona.

Mwendo mfupi mbele ya Igawa anakuta matawi mabichi yametandazwa barabarani, ishara ya gari bovu. Springi ya lori la Tadeo imevunjika tangu jana jioni. Tadeo amelala hapo usiku kucha bila mtu wa kumtuma. Amri ni kupita na kutoa taarifa Iringa.

"Pita, kaka," Tadeo anamwambia. "Una watoto."

Isakwisa anazima injini. "Watoto watakula. Wewe umekula lini?"

Walifunga springi kwa gogo na mnyororo hadi alasiri. Kesho yake, ofisini Iringa, Isakwisa alipewa onyo la tatu, akakabidhi ufunguo wa lori.

Anataka kutafuta lori kuukuu, yeye na Saulo, wabebe mpunga wa Chimala. Fedha hawajapata. "Ila tutakuwa wawili," anasema.

Jumanne iliyofuata Tadeo alisimama Igawa na kuagiza sahani mbili. Verediana alimkumbusha kwamba Isakwisa hayupo tena barabarani. Tadeo alisema anajua. Aliketi bila kula mpaka lori la kutoka Mbeya lilipotokea, likiendeshwa na dereva mgeni. Lilipita bila kusimama.