Sauti Yangu Ilitangulia Nainokanoka

Sikuondoka Rhotia kwa kupenda. Mtoto wangu wa kwanza anaitwa Safari, kama nusu ya vijana wa Kiiraqw wa umri wake, kwa hiyo kijiji kizima kinaniita Mama Safari, mimi ambaye mara ya mwisho kulala nje ya kitanda changu nilikuwa wodini Karatu namzaa huyo huyo Safari. Nina cherehani, nina dirisha linalotazama barabara, nashona sare za shule. Dunia nyingine yote inanifuata kwenye simu, na humo ndimo nilimoharibu.

Simu yenyewe mnaijua, na nyinyi mnazo. Hujanawa uso imeshakupongeza kwa kushinda bahati nasibu usiyocheza. Ukiizima, redio ya jirani inakuletea watangazaji wawili wanaocheka kitu ambacho hawakuambii. Ukiziba masikio, linapita gari la siasa lenye spika nne, wimbo ule ule, ahadi ya maji ile ile, na vumbi. Nalalamika sana juu ya mambo haya. Wanangu wanasema nalalamika huku nimeshika simu, na hawasemi uongo.

Asubuhi moja, kwenye kundi letu la WhatsApp la ndugu na majirani, iliingia picha. Mzee wa Kimaasai, shuka nyekundu, godoro kichwani, amesimama nyuma ya lori. Chini yake ukurasa mmoja wa habari za mtandaoni ulikuwa umeandika kwamba mzee huyu naye amejiandikisha kuhama Ngorongoro. Watu kundini walibisha. Wengine walisema picha ni ya zamani, wengine wakasema siyo ya huko kabisa.

Mimi nilimtambua. Alikuwa Mzee Saruni wa Nainokanoka, rafiki wa marehemu baba yangu, Tluway. Mwaka wa ukame mkubwa, nikiwa mdogo, baba alimpokelea ng'ombe wake kwenye mabua yetu mpaka mvua ziliporudi, na Saruni akatuachia mtamba. Ndama wa mtamba yule ndio walionisomesha mpaka kidato cha nne. Kwa hiyo furaha ilinipanda, ya kijinga, ya mtu aliyemwona mtu wake kwenye simu. Nikabonyeza kitufe cha sauti nikasema: "Jamani msibishe. Namfahamu kabisa huyu, ni baba yetu, Mzee Saruni. Ni kweli amehama. Hongera zake mzee."

Nikarudi kushona kola.

Wiki ya tatu, Eli, dereva wa Fuso linalopeleka mahindi milimani, alisimama dirishani kwangu. Alikuwa na ujumbe kutoka kwa Nashipae, mke wa Saruni. Mzee hakuhama. Hajajiandikisha popote. Ila sauti yangu imesambazwa, imesikika kila boma la Nainokanoka, na wenzake wa rika hawanywi tena naye maziwa.

Kwa asiyejua, nieleze. Huko juu watu wameambiwa anayetaka kuhama ajiandikishe, atapewa nyumba na shamba mbali kusini. Wapo wanaokwenda na wapo wanaobaki. Sina la kusema juu ya nani yuko sahihi. Wenye la kusema wako wengi na wote wana spika. Lakini anayekaa kwenye kikao cha wanaobaki huku amejiandikisha kwa siri, huyo kwao amewauza wenzake. Na mwanamume wa Kimaasai hanywi maziwa peke yake, anakunywa na rika lake, wale aliotahiriwa nao. Siku hizi wengi wamelegeza. Saruni hakulegeza kamwe. Asipopata wa kunywa naye kibuyu kimoja, hanywi.

Nilimwambia Eli nitarekodi sauti nyingine ya kusahihisha, aipeleke. Akanitazama kama mtu anayetazama tairi lililopasuka.

"Mama Safari, sauti wanayo tayari," alisema. "Panda gari."

Karatu, saa mbili asubuhi. Kwa mtu anayekaa nyumbani, Karatu ni mbali vya kutosha. Ningeshuka pale nikanywa chai nikarudi, ningehesabu nimesafiri. Nilikaa mbele na Eli, nimepakata sukari kilo tano na blanketi jipya la mzee. Magari ya watalii yalitupita moja baada ya jingine, na kila lilipopita Eli alifunga kioo, nami nikabaki na joto na simu yake, ambayo alikuwa ameiegemeza kwenye dashibodi inamhubiria mambo ya siasa. Jamaa mmoja alikuwa anapiga kelele kwamba yeye peke yake ndiye anayesema ukweli. Nilimuuliza Eli anamjua huyo mtu. Akasema hamjui, ila anamfuatilia.

Langoni, lami ikaisha na akili yangu pia. Askari aliomba kitambulisho. Namba yangu ilikuwa kwenye simu, nimeipiga picha, na simu ilikuwa imejaa video za harusi za watu nisiowajua, mbuzi wanaocheza na maombi ya kusambaza kwa watu kumi. Ikaganda. Askari alisubiri kwa adabu. Nilisimama pembeni nikifuta harusi moja baada ya nyingine kwa kidole, mpaka namba ikafunguka. Niseme nini? Hakuna aliyenijazia simu ila mimi.

Juu, pale wageni wanaposhuka kutazama kreta, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Wageni walikuwa wamesimama wanautazama ukungu. Mmoja alipochoka aligeuza kamera yake akaielekeza kwenye Fuso letu, kwangu dirishani na magunia nyuma. Nikajifunika uso kwa kanga. Eli akacheka, akaniuliza tangu lini nimekuwa na haya. Nilikuwa nawaza atakachoandika yule mgeni chini ya picha ile: mama huyu naye amehama.

Tukakata kulia, tukazunguka ukingo wa kreta kwenye barabara ya matope na baridi ambayo sweta langu halikuijua. Punda walikuwa wanashusha maji. Huko hairuhusiwi kulima, ndiyo maana mahindi yanatoka kwetu, na kila tulipopita boma watu walitoka kutazama mzigo. Eli alisimama mara mbili kuuza. Mara ya pili mwanamke mmoja aliniuliza natoka wapi. Niliposema Rhotia, akarudisha debe lake chini, akaita wenzake kwa Kimaa. Walinitazama. Hawakunisema vibaya. Walinisikiliza tu nilivyosalimia, kama wanaolinganisha sauti.

Nainokanoka, alasiri. Boma la Saruni ni nyumba tatu na zizi. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, mrefu kama zamani lakini shuka limemzidi, mabega yametokeza. Mimi nina wajukuu wawili, nikainamisha kichwa kama mtoto akakigusa.

"Takwenya," akanisalimia kwa Kimaa.

"Iko," nikajibu.

"Binti Tluway umekuja mwenyewe. Nilifikiri utatuma sauti."

Hakucheka, na mimi sikujua kama ni utani. Nashipae alitupa chai ya rangi. Ile nyumba ina ng'ombe wa maziwa zizini, na tulikunywa chai ya rangi, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa hagusi maziwa na mkewe aliona aibu kumimina mbele yake. Aliniambia pembeni kwamba kibuyu kinatoka kila asubuhi kwenda wanapokaa wazee, na kinarudi kama kilivyotoka. Mzee anaishi kwa uji.

Mzee mwenyewe alinieleza kwa maneno machache. Dada yake, mjane, ndiye aliyehama na watoto wake. Siku ya lori alikwenda kumuaga. "Nilimbebea godoro," alisema. "Au ningekaa namtazama akibeba?" Kijana mmoja mwenye simu akapiga picha akaondoka. Wenzake walimuuliza, akawaeleza, wakamwamini. Kisha sauti yangu ikaja.

"Picha haikunifanya kitu. Picha haina mdomo. Lakini wakasema, huyu ni binti wa rafiki yake, anamwita baba, atadanganya kwa nini?"

Nikatoa simu. Nilikuwa nimejipanga: nitaongea, tutapiga video mimi na yeye pamoja, nitaituma kila kundi. Akanirudisha mkono taratibu.

"Kesho utaongea nao," alisema. "Chuma majani, uyashike. Anayeomba amani kwetu hushika majani mabichi. Hiyo simu iache ndani."

Asubuhi, jua lilikuwa limetoboa ukungu kidogo. Wazee saba walikuwa wamekaa nje ya zizi, kila mmoja ndani ya blanketi lake. Nashipae aliweka kibuyu katikati akaondoka. Kuna aliyekuwa karibu na Saruni kuliko wengine wote, Mzee Loishiye, aliyetahiriwa naye alfajiri moja. Alikuwa amekaa mbali naye kuliko wote. Shingoni alining'iniza simu kubwa, nzuri kuliko yangu, kwenye kifuko cha shanga.

Nilisimama na majani yangu mkononi. Nilisema nilikosea, sikujua, nilitamka jambo ambalo sikuliona. Mzee Saruni hajahama, alimbebea dada yake godoro. Nawaomba wazee wanisamehe. Mzee mmoja alikuwa akiwatafsiria wasiosikia vizuri Kiswahili. Nilipomaliza, nilijiona nimeongea vizuri. Nikiri hilo pia.

Loishiye akafungua kifuko chake. Akabonyeza. Sauti yangu ikatoka pale nyasini, ya furaha, na cherehani ikisikika nyuma: jamani msibishe, namfahamu kabisa huyu.

"Huyu ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Alijuaje?"

"Aliona picha."

"Na wewe wa leo, umejuaje?"

Nikamtazama Saruni. Alikuwa anatazama kibuyu. "Ameniambia yeye jana," nikasema.

Loishiye akatikisa kichwa polepole. "Basi yule aliambiwa na picha, na wewe umeambiwa na mwenye picha. Hakuna kati yenu aliyekuwepo."

Mzee mmoja akacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anayekubali hesabu. Nikayainua majani yangu kidogo, wayaone.

Loishiye akainuka, akaja, akayachukua majani mkononi mwangu, akayachomeka kwenye mkunjo wa blanketi lake. "Wewe tumekusamehe," alisema. "Wewe ni mgeni." Kisha wakainuka mmoja mmoja, wakapita upande huu wa kibuyu na upande ule, kama maji yanavyopita jiwe. Loishiye alisimama kidogo mbele ya kibuyu. Akakizunguka naye.

Nilikaa chini karibu na Saruni nikamwambia nitakunywa naye mimi. Akanisukumia kibuyu. "Kunywa, mwanangu. Una njaa." Yeye hakunywa. Nilikunywa peke yangu mbele yake, na sijawahi kunywa maziwa machungu vile, ingawa yalikuwa mazuri.

Kurudi, Fuso lilibeba magunia matupu na mimi. Eli hakumfungulia yule msema ukweli wake. Tulipofika langoni, mtandao ulirudi na simu ikaanza kulia mfululizo kwenye mkoba, jumbe za siku mbili, kama watoto waliofungiwa nje. Nikaiacha ilie.

Nyumbani niliandika masahihisho marefu, nikayatuma kila kundi nililomo. Kundini kwetu watatu waliweka kidole gumba. Mmoja akaandika amina. Mmoja akauliza, mzee gani? Kisha ikaingia video ya mbuzi.

Miezi miwili baadaye, mahindi yakiwa yameanza kukauka mashambani, Eli alisimama tena dirishani. Hakuzima injini. Aliniambia Mzee Saruni amehama. Ameenda kwa dada yake, na Nashipae, na ng'ombe waliobaki. Aliondoka mchana kweupe. Wenzake walikuja wakasimama kando ya barabara, Loishiye mbele yao, na godoro alilibeba mwenyewe, kwa sababu hakutokea wa kumbebea. Nilimuuliza kama alisema lolote juu yangu. Eli akafikiri, akasema hapana, mzee hakusema lolote juu ya mtu yeyote.

"Nimepiga picha," akasema. "Nikutumie?"

Nikamwambia asinitumie. Jioni ilikuwa imeshafika kundini. Shuka lile lile, godoro kichwani, nyuma ya lori. Na chini yake, binamu yangu wa Endabash aliandika: Si ndiye yule mzee? Mlibisha, Mama Safari aliwaambia mapema. Mama Safari huwa hakosei.

Vidole gumba vilianza kuingia. Vingi, vingi kuliko nilivyopata kwa masahihisho. Nilianza kuandika kwamba siku ile haikuwa kweli, kwamba imekuwa kweli kwa sababu niliisema. Nikasoma nilichoandika, nikaona hakuna atakayeelewa, nikafuta. Nilichojifunza kwenye safari yangu ya pekee ni neno moja la kuacha kulisema, namfahamu, na nimelijua nikiwa nimeshachelewa.

Simu nimeilaza kifudifudi chini ya vitambaa. Bado inatetemeka. Bado wananipongeza.