Kisigino cha Ukoo

Kwenye kibanda cha mjane yule fundi viatu zilining'inia kalibu za mti za kushonea viatu, kila moja na umbo la mguu wa mtu. Za wanaume wa nyumba yake alizijua kwa kupapasa. Nyuma, juu ya kisigino, marehemu mumewe alikuwa amezigandishia vipande vya ngozi, maana pale kano zao zilikuwa nene na ngumu kama kamba yenye fundo. Ukingo wa viatu vyao ulikatwa chini ili usiwachubue.

"Kisigino cha ukoo," marehemu alizoea kujisifu. "Mtoto asiye nacho, aulizwe mama yake."

Wateja walicheka, na mke akacheka nao. Kisha mume alianguka juu ya benchi akiwa na miaka arobaini na moja, sindano ya kushonea mkononi. Shemeji akafuata kabla mwaka haujaisha. Watu wakasema ni mkono wa mtu. Mjane akaanza kuhesabu miaka ya mwanawe.

Mwana huyo, mchomeleaji mageti, alikuwa ametimiza arobaini siku alipoleta buti.

"Mama, punguza ukingo tena. Zinanila."

Daktari mmoja wa kike, aliyekuwa akisubiri kiatu chake, aliinama akambonyeza kano.

"Baba yako alikufa kwa nini?"

"Alichoshwa na maswali."

Daktari hakucheka. "Haya ni mafuta, kolestro. Hayatembei peke yake kwenye damu, hubebwa ndani ya vifurushi vidogo. Ini ndilo linalovipokea. Kwa watu kama ninyi, milango ya kuvipokelea ni michache tangu kuzaliwa. Vifurushi vinazunguka bila pa kushukia, mwisho vinajipenyeza kwenye kuta za mishipa ya moyo. Mafuta mengine hujikusanya hapa kisiginoni. Kifua hakikubani?"

"Kiungulia tu, nikinyanyua vyuma."

Mama yake alikuwa hajawahi kusikia habari ya kiungulia hicho. Akaziweka buti chini ya benchi.

"Sikati kitu mpaka upimwe."

"Basi nitatembea peku."

"Tembea. Hospitali ni karibu kuliko aliko baba yako."

Alikwenda akinung'unika. Mafuta ya damu yalikuwa mara tatu ya yanayotakiwa, na mshipa mmoja wa moyo ulikaribia kuziba. Akaandikiwa vidonge vya maisha yake yote.

"Vitapunguza mzigo," daktari alimwambia mjane. "Kwamba tumewahi, hilo siwezi kukuahidi."

Jumamosi alikuja mjukuu, binti wa mwana huyo, miaka kumi na saba, viatu vya shule mkononi.

"Bibi, vinanichubua nyuma. Nikatie kidogo tu."

Mjane alipiga magoti, akaupapasa mguu. Vidole vyake vilikuta fundo lile lile. Miaka thelathini alikuwa amekata ngozi, hata siku moja hakuuliza. Akakirudisha kisu mahali pake.

"Vaa kandambili, mjukuu wangu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa daktari wa baba yako."