Umwuka wa Mwisho

Fundi wa pancha akichomoa mpira wa pampu, upepo hufyatuka ukinuka raba na chuma, nami hugeuza uso.

Kwetu Heru Juu, kaka yangu alikuwa na vichupa vitatu vya chuma vyenye gesi, vifupi kama kidole. Aliachiwa na mgeni aliyepita na baiskeli, ambaye alivitumia kujazia matairi. Kaka akavifungia kwenye kipande cha bomba la maji, tukawa tunarusha kokwa za parachichi hadi ng'ambo ya migomba. Kichupa kimoja kilitosha mara moja tu. Kilipiga kelele, kisha kikawa baridi mpaka kikanata kiganjani.

Siku moja mdogo wetu alikuwa amelala ndani, kifua kikimbana tangu juzi. Kaka akanipa kichupa cha mwisho.

"Rusha wewe."

Nikarusha. Kokwa ilipaa hadi tukaipoteza, nikacheka kwa nguvu.

Bibi akatokea mlangoni, mikono kichwani. "Mtoto anaishiwa umwuka!"

Kwa Kiha neno ni hilo hilo: upepo wa tairi ni umwuka, pumzi ya mtu ni umwuka. Nilikimbia ndani, nikakiweka kile kichupa kwenye midomo ya mdogo wangu. Mama, aliyekuwa amempakata, hakunifukuza. Alinitazama mimi, akakitazama kichupa.

"Umebaki humo?" akauliza.

"Umebaki kidogo, mama," nikasema.

Akasogea, akanipisha.