Majibu ya Banda la Wazo

Mwaka nilioajiriwa kukusanya kinyesi cha nguruwe kwa ajili ya utafiti, mama yangu alinitengea ndoo nyuma ya nyumba yetu ya Temeke. Nikirudi, siingii ndani kabla sijanawa mara saba, mara moja kwa mchanga. Hakunikataza kazi. Alisema tu, "Elimu ni elimu, ila huyo mdudu muache hukohuko."

Kwa miezi kadhaa niliweza kumuacha hukohuko.

Tulikuwa tunachunguza bakteria wanaowaharisha watoto wa nguruwe: ni wepi, na dawa zipi bado zinawaua. Mie nilizunguka kwa wafugaji na buti za mpira, vijiti vya pamba na boksi la barafu, kisha narudi maabara kuotesha nilichokusanya.

Huko Wazo, kwenye nyumba ambazo mabati yake yameshapauka kwa vumbi la saruji, alikuwepo mama mmoja mjane aliyekuja Dar kutoka kusini akiwa binti. Alikuwa na jike mmoja, na huyo jike alikuwa na watoto kumi na mmoja, wa siku nne. Kinyesi cha njano, majimaji, kilikuwa kimewaganda mikiani. Watatu walishindwa kusimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja." Akanionyesha pakiti ya dawa ya unga. "Nawapa hii tangu juzi na hawaponi. Niendelee nayo?"

Nikamwambia siruhusiwi kutibu, nachukua sampuli tu. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa, na kweli, ukiisikia kwa sauti haieleweki. Nikaona haya, nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyenituma: "Majibu yakitoka nitakupigia, mama." Akanitajia namba yake taratibu, mara mbili, nikaiandika kwenye fomu.

Siku ya nne nikafungua maabara ile sahani niliyooteshea sampuli ya banda lake. Tunaweka viduara vya karatasi vilivyolowekwa dawa. Dawa ikifanya kazi, bakteria hawaoti karibu yake, panabaki duara safi. Kwenye dawa aliyokuwa akiitumia yule mama, walikuwa wameota mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Dawa nyingine, kwenye karatasi ya pembeni yake, ilikuwa na duara pana, safi kabisa.

Nikampelekea mkuu wa utafiti. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Majibu tunayatoa kwa wote, kazi ikiisha. Ukimpigia mmoja, utawapigia wote?"

Nikaitoa ile fomu kwenye faili nikaisoma namba. Simu ilikuwa mfukoni. Mwezi ule mkataba wangu ulikuwa unasubiri saini ya mkuu. Nikairudisha fomu.

Wiki mbili baadaye nilirudi Wazo kwa awamu ya pili. Banda lilikuwa limefagiliwa. Jike alikuwa peke yake.

"Wa mwisho kafa jana," yule mama akasema.

Tukiwa tumesimama pale, jike akajilaza ubavu, akatoa chuchu zake nje, akaanza kuguna. Miguno mifupi, inafuatana, kisha inaharakisha. Nilimtazama nikidhani anaumwa.

"Anawaita wanyonye," mama akasema. "Ndivyo anavyofanya, kila baada ya muda. Anaita, anasubiri, anainuka."

Akasubiri kweli. Kisha akainuka.

"Na yale majibu, mwanangu, yalishatoka?"

Ningeweza kudanganya. "Yalitoka, mama."

"Lini?"

"Wiki ileile."

"Yakasemaje?"

Nikamwambia. Hakupandisha sauti. Alishusha kitenge chake begani, akakifunga upya kiunoni, akasogea mlangoni pa banda kunipisha.

"Haya, chukua hicho ulichofuata."

Nami nikachukua. Niliingia, nikainama nyuma ya yule jike na kijiti changu cha pamba, nikajaza fomu, nikaaga. Hilo ndilo linalonitesa kuliko simu ambayo sikuipiga.

Mkataba ulisainiwa. Utafiti ukaisha, wafugaji wakaitwa kwenye mkutano wa kupewa majibu, yeye hakuja. Mie nikaolewa, nikajifungua. Miezi ile ya kwanza, kila nilipomweka mwanangu kifuani, niliisikia ile miguno, waziwazi, kama iko chumba cha pili. Nilimfunua nepi mara kumi kwa siku kuangalia rangi. Mume wangu alidhani nimechanganyikiwa kwa kukosa usingizi. Sikumweleza.

Mtoto alipofikisha miezi mitano niliipiga ile namba, bado nilikuwa naikumbuka kwa kichwa. Akapokea mwanamume wa Mbagala, hamjui mama yeyote. Basi nikaenda mwenyewe, mtoto mgongoni. Kwenye nyumba ile nikamkuta mpangaji, dada mmoja anafua uani. Akasema yule mama alishauza, karudi kwao kusini, hajui kijiji gani. Banda walikuwa wamelibomoa wakamwaga zege.

"Ulikuwa unamdai?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Nilikuja kumsalimia tu."

Akanivutia kigoda, nikakaa kidogo, nikamnyonyesha mtoto.