Nyangumi, Kiboko na Orodha ya Kipaimara

Mwanangu, ipo Jumanne moja ya ujana wangu ambayo hunijia kila ninapomwomba Mungu anipe uvumilivu. Nilikuwa katekista wa kigango chetu hapa Kanazi, kijana wa miaka ishirini na minane, na kazi yangu ilikuwa kuandaa vijana wa kipaimara. Askofu alikuwa anakuja Jumapili kuwapaka mafuta ya sakramenti hiyo. Orodha ya majina ilitakiwa parokiani Alhamisi, nayo ilikuwa mikononi mwangu, katika daftari lenye jalada gumu. Nisikufiche, daftari lile lilinipa kichwa kikubwa.

Siku hiyo tulikuwa tunarudia habari za nabii Yona. Nikawaambia vijana kwamba alimezwa na nyangumi, samaki mkubwa kuliko samaki wote. Leokadia akanyoosha mkono. Huyu alikuwa binti wa jirani yetu, amemaliza kidato cha sita na anasubiri kwenda chuo. Shule za bweni zilikuwa zimemchelewesha, ndiyo maana alikaa darasani na vijana wadogo kuliko yeye.

"Samahani, Katekista. Nyangumi siyo samaki. Anapumua hewa kama sisi, na ananyonyesha mtoto wake."

"Hilo nalijua," nikasema. Sikulijua.

"Na katika wanyama wote walio hai, ndugu yake wa karibu zaidi ni kiboko."

Kiboko sisi tunamfahamu. Wapo mto Ruvubu, na wenye mashamba kandokando ya mto wana habari zao. Kijana mmoja mcheshi, Deusi, akapaza sauti kutoka benchi la nyuma: "Basi Yona alikuwa na bahati! Angepita kwetu Ruvubu angetafunwa kwanza!"

Darasa zima likaangua kicheko. Leokadia naye alicheka, halafu akaendelea kueleza kwa heshima. Alisema ndani ya mwili wa kila kiumbe mna DNA, ambayo ni kama maandishi madogo mno tunayorithi kwa baba na mama, nao wakarithi kwa wazazi wao, hivyo hivyo hadi huko nyuma kabisa. Maandishi hayo yanaponakiliwa hutokea mabadiliko madogo, na wajukuu huyabeba. Wataalamu walichukua DNA ya nyangumi, kiboko, ng'ombe, nguruwe na ngamia, wakazilinganisha herufi kwa herufi. Wakakuta alama ambazo nyangumi na kiboko wanazo mahali palepale, na ng'ombe na nguruwe hawana. Alama za namna hiyo ni vigumu sana kujitokeza mara mbili kwa bahati tu. Zilitoka kwa mzazi mmoja wa zamani sana, ambaye hakuwa kiboko wala nyangumi. Baadhi ya uzao wake ulielekea baharini, mwingine ukabaki kwenye mito.

Leo naweza kukusimulia yote hayo kwa sababu alinieleza tena baadaye. Siku ile nilisikia kicheko tu, nikadhani nachekwa mimi.

"Kumbe wewe umekuja kutufundisha?" nikamwambia. Nikafungua daftari, nikalifuta jina lake kwa kalamu, mbele ya wote. "Kipaimara utakipata mwaka ambao utakuwa umejifunza unyenyekevu."

Akasimama. "Kama kusema nilichosoma ni dhambi, Katekista, basi kipaimara kibaki na wenyewe." Akatoka.

Jumatano asubuhi mama yake alinikuta ninapalilia maharage. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu ameapa hatakanyaga kanisani Jumapili hii wala nyingine. Wiki ijayo ataenda chuo, mbali na mimi. Nani atamrudisha?" Akafuta macho kwa kanga na kuondoka.

Nikaenda kwa Mzee Filbert, katekista aliyenitangulia, aliyenifundisha kazi. Nilitumaini ataniunga mkono. Nilimkuta uani na mke wake wakichambua kahawa kwenye mkeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, mikono yako isaidie huku mdomo ukisema."

Nikasema yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza, "Yule binti wa Nemba uliyetaka kumwoa mlifanana?"

Swali lile lilinichoma, mwanangu. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeposa kule Nemba, Biharamulo. Yeye alikuwa mrefu, mweupe, ana mwanya, mimi unaniona. Hakuna aliyeshuku kuwa sisi ni ndugu. Lakini desturi yetu ni kwamba kabla ya ndoa wazee hukaa na kuulizana: ukoo gani, mama yake nani, bibi yake alitoka wapi. Mzee Filbert ndiye aliyeuliza kwa niaba yetu. Akarudi nyuma jina kwa jina, hadi akakuta kwamba bibi mzaa mama wa yule binti alikuwa dada wa babu yangu, tumbo moja, aliyeolewa mbali akasahaulika. Posa ikaishia hapo. Nililia, kisha nikamshukuru Mungu.

"Hatukufanana hata kidogo," nikajibu.

"Na bado mlikuwa ndugu. Mimi nilijuaje? Niliangalia pua zenu?"

"Uliuliza majina."

"Sasa hao wataalamu wamemuuliza nyangumi kwao ni wapi, naye majina yake anayo mwilini. Yule bibi aliolewa Biharamulo, nyangumi akahamia baharini. Wewe kinakuuma nini?"

Mke wake akacheka, "Kinamuuma kwamba ameambiwa na msichana."

Mzee hakucheka. "Aliyewaumba anajua alivyowaumba. Hahitaji umkingie kifua kwa kalamu. Hebu niambie, kitabu cha Yona kinaishaje?"

Miaka mitatu nilikuwa nafundisha habari ile, na kila mara nilikomea kwenye tumbo la samaki. Mwishoni nabii ameketi nje ya mji, amenuna, kwa sababu Mungu amewahurumia watu ambao yeye alitaka waangamie.

"Nenda," akasema. "Kahawa tutamaliza wenyewe."

Leokadia alikuwa anasugua masufuria kwa majivu. Aliniona, akaendelea kusugua. Nilimwambia mbele ya mama yake: "Nilikosa. Nilikasirika kwa sababu ulisema ukweli ambao mimi sikuujua."

Aliweka sufuria chini. "Ulinifuta mbele ya watu," akasema.

"Na mbele yao nitakuomba radhi. Orodha nimeiandika upya, jina lako ni la kwanza."

"Mimi naanza na herufi L, Katekista. Niweke panaponistahili." Hapo akatabasamu, na mama yake akaingia ndani kuleta kigoda.

Kesho yake niliomba radhi darasani kabla ya kupeleka orodha. Jumapili Askofu alimpaka mafuta matakatifu. Leo Leokadia anafundisha biolojia, na ndoa yake niliiombea mimi. Nashukuru mno kwamba sikumpoteza.

Basi mwanangu, shika haya. Ukikabidhiwa daftari la majina ya watu, liwe la kanisa, la shule au la kijiji, usilifungue ukiwa na hasira. Anayejua usilolijua mpe nafasi amalize kusema, hata akiwa mdogo wako, kisha muulize amelijuaje. Usiupime undugu kwa sura. Na usidhani Mungu anapungua kila mara watu wanapogundua jambo jipya katika kazi ya mikono yake. Ukikosea hadharani, omba radhi hadharani, tena mapema, kabla aliyeumia hajasafiri.

Mungu aliyeijaza bahari na mito akujaze hekima, akupe watu wa kukukemea kwa upendo, na akujalie moyo wa kurudi ulipokosa. Amina.