Sanduku la Mama, Mara ya Pili

Kifaa chenyewe ni kidogo kuliko kiberiti. Mdogo wangu alikitoa kwenye mfuko wa shati, akakiweka juu ya meza yangu ya kuchomelea, kati ya vipande vya nondo.

"Kaka, hii ndiyo benki yetu sasa."

Yeye hufanya kazi ya kompyuta mjini Kasese, kwa watu wa ng'ambo ambao hajawahi kuwaona, nao humlipa kwa sarafu za mtandaoni. Kwa miaka mitatu aliziacha kwenye simu. Kisha mwenzake mmoja akabonyeza kiungo alichotumiwa, na sarafu zake zote zikahama kabla hajamaliza chai. Ndipo mdogo wangu akaagiza kipochi hiki, cha kutunzia sarafu nje ya mtandao, moja kwa moja kwa waliokitengeneza. Fedha zile zilikuwa na kazi moja: kununua kiwanja mahali pa juu, ambapo mto hautufikii.

Mto ninaousema ni Nyamwamba. Tulizaliwa Kilembe, katika nyumba za mgodi. Wazazi walipofariki, mama kwanza, baba mwaka uliofuata, nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Badala ya sekondari nikaenda kujifunza kuchomelea. Kila karatasi ya maana ilikuwa ndani ya sanduku la bati la mama: hati ya shamba la Kyarumba, kadi za kliniki, picha yao ya pekee. Mto ulipofurika uliingia kwa mlango wa mbele ukatoka na sanduku. Tuliokoa godoro. Huko shambani jirani akaanza kusogeza mpaka kila msimu, nasi hatukuwa na hati ya kumwonyesha.

Basi tulikaa ndani ya karakana yangu hapa Bwera, mlango umefungwa, nikabonyeza vitufe mwenyewe. Nilichagua namba ya siri. Kisha kioo kikaanza kutoa maneno ya Kiingereza, moja baada ya jingine, maneno mepesi yasiyohusiana, mpaka yakatimia ishirini na manne.

"Andika kwa mkono," mdogo wangu alisema. "Usipige picha. Usiyaweke kwenye simu."

"Na hiki kidude kikipotea?"

"Tunanunua kingine, tunaingiza maneno haya, kila kitu kinarudi. Ila maneno yakipotea, hata aliyekitengeneza hawezi kutusaidia. Na mtu akiyapata, fedha ni zake."

Mimi karatasi siiamini tena. Nilichukua bamba la chuma na vile vyuma vya kugongea herufi, nikayagonga maneno yote kwa nyundo, nikaichoma ile karatasi niliyoyaandikia. Kisha nikatengeneza sanduku la chuma kizito, bawaba zimejificha kwa ndani. Mteja mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka aliniona nikilisugua.

"Fundi, hiyo iko nini? Jeneza ya panya?"

"Panya tajiri," nikamjibu.

Nikaweka humo bamba, kifaa, na kikaratasi chenye namba ya siri. Nilijiona nimemaliza.

Jumapili dada yetu alishuka kutoka Kyarumba, ambako analima kahawa kwenye sehemu ya shamba iliyobaki. Nilimwonyesha sanduku. Alilizunguka, akaligonga kwa kidole.

"Kila kitu kimo humu?"

"Kila kitu."

"Hata namba ya kukifungulia kifaa?"

"Hata namba."

"Kaka, umemtengenezea mama sanduku jingine. Tofauti ni uzito."

Nilimwambia Nyamwamba haufiki Bwera.

"Mwizi anahitaji mto? Na wewe ukifa kesho, nani anajua kilichomo?"

"Mtu asijue," mdogo wetu akasema. "Huo ndio usalama."

"Baba naye alifikiri hivyo. Hakutuambia mashahidi wa mpaka wa shamba ni nani. Hati ilipokwenda, tukabaki kuulizana."

Nilifungua sanduku, nikatoa bamba, nikampa. Kikaratasi cha namba nilikichoma. Namba iko kichwani mwangu na mwa mdogo wangu.

Ila kabla ya kuhamisha fedha, mdogo wetu alitaka tujaribu. Alituma kiasi kidogo tu kwenye kifaa. Kisha nikaingiza namba ya uongo mara tatu, kwa makusudi, hadi kifaa kikajifuta na kutukaribisha kama wageni. Dada alisoma bambani, neno kwa neno, mimi nikabonyeza. Ilituchukua karibu saa nzima, na jasho lilinitoka kuliko mbele ya moto. Baada ya neno la ishirini na nne, kile kiasi kidogo kilirudi.

"Ndiyo hiyo tu?" dada akasema. "Nilidhani itapiga kengele."

Siku hiyo hiyo mdogo wetu alihamisha zilizobaki.

Kifaa alibaki nacho mdogo wetu; sanduku tupu nilimuuzia yule mteja wa jeneza la panya. Bamba lilipanda Kyarumba juu ya kichwa cha dada, ndani ya kikapu cha chumvi na sabuni, nasi tukimfuata nyuma kwenye njia ya mwinuko. Tulipolificha sitaandika. Tulikuwepo sote watatu, na kazi ilipokwisha dada alikung'uta mikono akamtazama mdogo wetu.

"Sema liko wapi."

Akasema.

Akanigeukia. "Na wewe, kaka."

Nikasema.