Nesi wa Saladi na Mawe ya Terazo

Mshonaji wa ghorofa ya pili haulizwi mara mbili. Ukimpelekea gauni la kupunguza, kabla hujalitoa kwenye mfuko ameshakueleza alichokiona juu ya paa.

Anasema alipanda kuanika. Anasema alimkuta mkwe wa mwenye nyumba ameinamia pipa la maji ya mboga, chupa mkononi, anamimina huku anageuza shingo kama mwizi wa sukari.

"Sabuni ya maji ile," anasema, pini zimejaa mdomoni. "Hasira alizonazo kwa mama mkwe wake. Wiki haikuisha, majani yakawa ya njano. Mimi sisemi kitu, ila macho ninayo."

Hasemi kitu, na jengo zima linajua.

Juu ya paa lenyewe, jua halijawa kali, anayesemwa amepiga magoti mbele ya mabomba yake. Ni mabomba meupe ya plastiki, yametobolewa matundu na kulazwa juu ya vyuma. Kila tundu limekaliwa na kikombe chenye vitobo, na kila kikombe kina mche wa saladi au spinachi ulioshikiliwa na kokoto. Udongo hakuna. Pampu ndogo inavuta maji yenye mbolea kutoka kwenye pipa la bluu, maji yanapita kwenye mizizi, yanarudi pipani, yanaanza safari upya.

Pipa haligusi kwanza. Anaanza na majani. Anainua moja kwa kidole, anachungulia chini yake, anahamia la pili.

"Jani halina aibu," anasema. "Likiumwa linakuonyesha mpaka linapoumwa. Shida ni sisi, tuna haraka ya kulitibu kabla halijamaliza kusema."

Ndipo anachota maji kwenye bilauri na kudondosha matone kutoka kwenye kichupa. Hapa ndipo alipopatia jina lake, Nesi wa Saladi. Anapima uchachu, ambao wauza mbolea wanauita pH. Maji yakigeuka mekundu, yamekuwa makali mno. Yakigeuka bluu, uchachu umepotea, na mizizi inakaa na njaa katikati ya chakula. Anachotafuta ni njano, kama mafuta ya kupikia.

"Njano naitaka kwenye bilauri," anacheka. "Kwenye jani siitaki."

Njano ilikuja kwenye jani. Kwanza saladi chache za mwisho wa bomba, kisha safu nzima. Kreti nane alizokuwa akivuna kwa wiki zikashuka mpaka mbili, na hizo mbili za kuchambuachambua.

Alifanya ambacho wengi wangefanya. Akaongeza mbolea. Majani hayakurudi kijani, na kingo zake zikaanza kuungua. Akapunguza mbolea. Bado.

Basi akaacha kutibu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kutazama. Akaona kitu kilichokuwa mbele ya macho yake siku zote: majani ya chini, makongwe, yalikuwa ya kijani kizito. Yaliyopauka ni machanga ya katikati, mishipa imebaki kijani kama michoro ya kalamu.

"Mche ukinyimwa chakula cha kawaida, unawanyonya wazee ili watoto wale," anaeleza. "Kwa hiyo wazee ndio wanaopauka mwanzo. Mimi wazee wangu wamenenepa, watoto ndio wamekondeana. Hiyo ni chuma. Chuma kikishaingia kwenye jani la zamani hakihami tena kwenda kwa mtoto."

Lakini chuma kilikuwemo kwenye mbolea. Matone ndiyo yaliyomjibu: bluu. Maji yalikuwa yamepoteza uchachu, na chuma kikawa kimo pipani lakini hakiliki.

Akanunua dawa ya kurudisha uchachu. Kila asubuhi alipanda na chupa yake, akamimina kidogo kidogo mpaka maji yakipimwa yakawa ya njano. Jioni, bluu. Kesho yake akamimina tena. Hiyo ndiyo chupa aliyoiona mshonaji, majani yakiwa yameshapauka tayari.

"Shingo nilikuwa naigeuza kweli," anakiri, na hapa anacheka mpaka anafuta macho. "Ile dawa ina harufu inayokamata koo. Sasa nisipogeuka nife?"

Kicheko hakikai. Siku chache kabla, yeye na mama mkwe wake, ambaye ndiye mwenye nyumba, walikuwa wametupiana maneno juu ya kamba za kuanikia, kwamba mabomba yamezila nafasi zote. Walitupiana kwa sauti. Kwa hiyo hadithi ya sabuni ilipoanza kushuka ngazi, ilikuta kila mlango uko wazi.

Wapangaji waliokuwa wakigonga kwake kuomba saladi ya mchana waliacha. Mgahawa wa kona, uliokuwa ukinunua kreti zake, nao ukasema usubiriwe kwanza. Mama mkwe alipoulizwa, hakusema ni sabuni. Alisema, "Mungu ndiye anayejua."

"Bora angesema ni mimi," anasema Nesi. "Ningebisha. Sasa hiyo unaibishia vipi?"

Mume wake ni dereva wa lori, wiki nyingi yuko barabarani. Alipiga simu akauliza jambo moja tu: "Ulimimina nini?" Si kwa ukali. Lakini Nesi anasema swali hilo lilimlaza na njaa.

Aliamua amtafute mwizi wa uchachu. Alipanga bilauri tatu kwenye dirisha la jikoni, zote zina maji aliyoyarekebisha mpaka yakawa ya njano. Ya kwanza aliiacha hivyohivyo. Ya pili alitumbukiza kipande cha mpira wa pampu. Ya tatu aliweka kokoto kutoka kwenye kikombe cha saladi. Kisha akaenda kupika.

Kesho yake, bilauri mbili zilikuwa kama alivyoziacha. Ya tatu ilikuwa bluu.

Akachukua kokoto moja, akaidondoshea siki. Ikatoa povu.

Zamani vikombe vilikuwa na kokoto nyeusi. Hizi nyeupe zilikuja mafundi walipomaliza sakafu ya terazo ya chini, ile ya saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe, na kuacha gunia la vipande vya marumaru. Marumaru ni jamaa ya chokaa, na maji yenye uchachu huila taratibu, nayo huumaliza uchachu wenyewe. Kazi ya kuosha vikombe na kuvijaza ilikuwa ya mtu mmoja. Mama mkwe.

"Niliziona nyeupe nikamsifia," anasema Nesi. "Nilimwambia, Mama, hapa umepapamba kama hotelini."

Mama mkwe mwenyewe hakatai kuulizwa. Ni mwanamke mrefu, ana mikono ya kazi, anapenda kusimama wakati wengine wamekaa.

"Andika kwenye gazeti lako, ila jina langu lisiwemo," anasema. "Zile nyeusi juani zinachoma. Nikasema mizizi hii itaungua, maskini. Haya meupe nikayaosha kama mchele, maji matatu. Nilitaka kumsaidia."

Na sabuni je?

"Mimi sijasema sabuni. Jengo hili watu wakikwama wananijia mimi. Leo nishuke ngazi kuwaambia nimezipausha mboga kwa mkono wangu?"

Siku aliyoonyeshwa povu alisema "kumbe", akachukua beseni, na wote wawili wakaanza kuyatoa mawe, kikombe kwa kikombe. Sasa kokoto nyeusi zimerudi. Katikati ya kila saladi kuna jani jipya la kijani, dogo kama ulimi wa paka. Yaliyopauka sana anayakata.

Nesi ana mpango. Anataka kuongeza safu nyingine ya mabomba, na kuzungukia watu wengine wanaolima hivi kwenye mapaa, awasomee majani yao kabla hawajakimbilia dukani. Wawili wameshamwomba. Ila atagonga mlango wa nani, anauliza, akiwa ndiye yule wa sabuni?

"Gazeti humu watalisoma wangapi? Nataka Mama aseme mwenyewe, kwa sauti ileile anayowafokea wafunge bomba la maji. Basi."

Amesema hivyo mama mkwe akiwa hatua chache tu, ameinamia beseni, anasuuza vikombe. Na mlango wa paa unafunguka. Ni mshonaji, ana ndoo ya nguo mbichi.

"Hamjambo humu! Naona majani yamepona," anasema, macho kwenye pipa. "Au mmebadilisha maji?"

Nesi anasimama, anajifuta mikono kwenye kanga.

"Mama," anasema, taratibu. "Si huyu hapa amekuja mwenyewe? Mwambie."

Mshonaji anashusha ndoo. Pampu inanguruma. Mama mkwe anachukua kikombe kutoka kwenye rundo la vilivyokwisha kuoshwa, anakizamisha kwenye beseni, na kuanza kukisugua upya.